Mlinganishe na yeye mwenyewe: usonji, saikosisi na vijana wetu wa Mtwara

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mliokaa kule nyuma mambo vipi. Nashukuru sana, maana msimu huu wa korosho kila mtu yuko shambani au anafatilia mnada, na bado mmekuja.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, huku kusini nimefanya kazi miaka mingi, na leo nimeombwa niongee kuhusu watoto wetu wenye usonji, yaani waliozaliwa na ubongo ulioumbika tofauti, wanapofika ujanani, na jinsi ya kuutofautisha na saikosisi, ile hali ya mtu kusikia au kuona visivyokuwepo. Naanza na binti mmoja, jina lake simtaji. Ana miaka 15, ana usonji, aliletwa kliniki kwa sababu ghafla amegoma kwenda shule. Mhudumu akamuuliza lile swali tunalomuuliza kila mtu, unasikia sauti? Akajibu ndio. Sauti za nani? Za watu. Zinasema nini? Akasema zinasema leta faili lingine. Jamani, chumba cha pili kulikuwa na watu wanaongea, na yeye anawasikia! Kaulizwa anasikia sauti, kajibu ukweli wake, akaondoka na dawa za saikosisi, wiki ya pili yake shingo imekakamaa na mate yanamtoka. Na shule alikuwa amegoma kwa sababu wenzake walikuwa wanamwita zezeta na kumfungia chooni.

Mtu mwenye usonji neno analichukua kama lilivyo. Kwaiyo swali la kumuuliza ni hili, je kuna mtu unamsikia anaongea na wewe wakati chumbani hakuna mtu, na sisi wengine hatumsikii? Ulizeni hivo.

Sasa mnisikilize na upande wa pili, maana huu ndio unaoniuma mimi binafsi. Kijana wa miaka 17, usonji tangu mdogo, nyumbani kwao ni karibu na barabara ya Masasi na yeye raha yake ni malori ya korosho, anayajua kwa namba, anayahesabu, alafu anarudia peke yake matangazo ya redio neno kwa neno, na hilo kalifanya tangu ana miaka minne hakuna anayeshangaa. Mwaka ule akaacha kuhesabu malori. Akawa halali usiku, dirisha kaliziba na kanga ya mama yake, anasema madereva wanamjadili yeye. Mama akaja kwangu akaniambia, nami nikamwambia mama hizo si ndio zake tu, ni usonji. Nilikosea. Miezi mitano ilipita kabla hajatibiwa, na ile miezi mitano nikimwona yule mama mpaka leo naiona usoni kwake.

Mnaona? Mmoja ana usonji akaambiwa ana kichaa, mwingine saikosisi imemwanza kweli ikafunikwa na jina la usonji.

Na haya makosa ni ya zamani mno. Hili neno otizimu, ndio usonji huo huo kwa Kizungu, lenyewe alilileta daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1911 hivi, akielezea wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili wenye saikosisi, wanaojifungia kwenye dunia yao. Alafu 1943 Leo Kanner kule Marekani akaandika habari za watoto 11 akalitumia neno lilelile, basi kwa miaka mingi watoto wa usonji wakawa wanaitwa wana skizofrenia ya utotoni. Aliyesaidia sana kuyatenganisha ni daktari Kolvin wa Uingereza, 1971, alipoangalia tu shida ilianza lini, akakuta kundi moja ilianza kabla ya miaka 3 na kundi jingine baada ya miaka 5, katikati pale karibu hakuna mtu. Ndio 1980 kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili kikaviweka mbali.

Kwaiyo ni vitu viwili. Usonji mtoto anazaliwa nao, ni jinsi ubongo wake ulivyoumbika. Saikosisi ni hali inayomjia mtu, anasikia au anaona visivyokuwepo, anaamini jambo ambalo hakuna awezaye kumtoa, maneno yanakatika katika, na mara nyingi inaanza ujanani kwenda kwenye miaka ya ishirini.

Ila vitu viwili havimaanishi havikutani. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, wakakuta katika watu 100 wenye usonji kama 4 hivi wana magonjwa ya kundi la skizofrenia, wakati kwa watu wote kwa ujumla skizofrenia haifiki hata mtu 1 kati ya 100. Mzazi asikie namba zote mbili, hatari imepanda mara kadhaa, na 96 hawana. Sababu nyingine ni za vinasaba, kwa mfano kuna watoto wanazaliwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba, kimekosekana, hao wanaweza kuwa na usonji na pia karibu robo yao wanakuja kupata saikosisi. Nyingine tunazitengeneza sisi wenyewe. Kuonewa miaka na miaka, upweke, na bangi, bangi kwa kijana wa namna hii nawaomba sana msiichukulie kama utani.

Kuna baba kaniuliza pale mlangoni kuhusu jando. Baba yangu, jando yenyewe haileti saikosisi. Lakini mtoto wa usonji ukimtoa usiku kwenye kitanda chake, ngoma, watu asiowajua, chakula kingine, halali, atarudi amenyamaza au anajipiga, na watu watasema karogwa au kapandwa na majini. Ongea na kungwi mapema, mwambie mtoto wangu yuko hivi, kelele zinamuumiza, aende na mtu anayemzoea. Makungwi niliowahi kuongea nao walinielewa vizuri kuliko nilivyotegemea. Na dua au maombi sikatazi, nendeni, ila na hospitali pia, maana homa ya malaria ikipanda kichwani nayo inamfanya mtu aweweseke, na kifafa ambacho watu wa usonji kinawapata zaidi kuliko wengine nacho kinaweza kuleta hali kama hizo, lazima vipimwe kwanza.

Na mama wa gauni la kijani kauliza, sasa mimi nitajuaje wakati mwanangu anaongea peke yake kila siku? Mama, usimlinganishe na mtoto wa jirani, mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Chukua daftari la shule andika analala saa ngapi, anapenda nini, akiongea peke yake anasema nini. Kama ni yale yale ya redio, mwache. Kama sasa anamjibu mtu, anaogopa, anaziba masikio wakati kumetulia, kile alichokipenda kakiacha, na imeendelea wiki mbili tatu, njoo nalo hilo daftari, hospitali ya Ligula au kituo kilicho karibu na wewe. Akiandikiwa dawa mwambie daktari huyu ana usonji, tuanze dozi ndogo, na ukiona anakakamaa usisubiri tarehe ya kliniki, mrudishe siku hiyo hiyo. Na ukiambiwa ndio zake hizo kama nilivyosema mimi, fungua daftari umuonyeshe ukurasa wa mwaka jana.