Saa ya Nairobi Mwaka 1955: Kutunza Historia ya Majira Ndani ya Programu za Kompyuta

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wahifadhi wa nyaraka na wasanidi programu mliofika,

Miongoni mwetu tunaotengeneza programu katika Afrika Mashariki kuna imani iliyozoeleka kwamba matatizo ya saa ni ya nchi za baridi, zile zinazosogeza saa mbele kiangazi kikiingia na kuirudisha nyuma kinapokwisha. Dodoma, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, kwa hiyo mtu huandika ndani ya programu yake agizo la kujumlisha saa tatu, akaendelea na mengine. Kwa miamala ya leo agizo hilo linatosha. Kwa tarehe za kuzaliwa za wazazi wetu, kwa vipimo vya zamani vya hali ya hewa na kwa daftari za meli zilizoingia bandarini enzi za ukoloni, halitoshi, na jioni hii nitaeleza kwa nini, na ni akina nani walio na uwezo wa kulirekebisha.

Tuitazame Nairobi. Kwa hesabu ya jua, mji huo uko mbele ya Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Mwezi Mei 1908 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki iliweka saa moja rasmi, saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, ambayo ndiyo saa ya longitudo ya nyuzi 37 na nusu, mstari unaopita jirani na Mlima Kilimanjaro. Julai 1928 ilipoanza, saa hiyo ilipandishwa hadi saa tatu kamili. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Januari 1930 ilirudishwa kwenye saa mbili na nusu. Mwaka 1937 ulipoingia iliongezwa robo, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1942, vita vikiendelea, ikafikishwa tena saa tatu, ambazo ndizo tunazotumia hadi leo. Ndani ya miaka 34 saa rasmi ya Nairobi iliguswa mara tano, na kila mara kulikuwa na tangazo lililochapishwa.

Mlolongo huo umehifadhiwa katika hifadhidata ya saa za maeneo ambayo Arthur David Olson wa Marekani aliianzisha katika miaka ya 1980, ambayo Paul Eggert ameisimamia kwa miaka mingi, na ambayo tangu mwaka 2011 inatunzwa chini ya mamlaka ya namba za intaneti, IANA. Simu za Android, kompyuta za Apple na seva za Linux zote huitegemea. Ndani yake saa hupewa jina la bara na mji, kwa mfano Africa/Nairobi, na chini ya jina hilo huorodheshwa kila badiliko linalojulikana, na siku lilipoanza. Uamuzi wa kutumia majina ya miji ulikuwa wa busara kubwa, kwa sababu namba ya tofauti ya saa hueleza hali ya siku moja tu, ilhali jina la mji hubeba historia yake yote.

Lakini hadi mwisho wa mwaka 2020 hifadhidata hiyo haikusema niliyowaeleza hivi punde. Ilisema kwamba Nairobi ilifuata jua hadi 1928, na kwamba robo saa ile iliongezwa mwaka 1940 na kudumu hadi mwanzoni mwa 1960. Kosa hilo lilisahihishwa katika toleo la Desemba 2020, baada ya mchangiaji mmoja kurejea matangazo yenyewe katika magazeti rasmi ya serikali. Toleo hilohilo lilirekebisha pia miaka ya zamani ya Ghana, Nigeria na Ushelisheli. Nasisitiza njia iliyotumika: aliyesahihisha hakubuni kanuni mpya ya kompyuta, alifungua gazeti la serikali, akasoma tarehe.

Sasa fikirieni matokeo ya robo saa hiyo katika mfumo wa hospitali au wa pensheni. Wasanidi wengi huhifadhi tarehe ya kuzaliwa kana kwamba ni dakika mahususi, yaani saa sita kamili usiku siku hiyo inapoanza, kisha huigeuza kuwa saa za Greenwich. Mama mmoja alizaliwa Nairobi tarehe 12 Machi 1955. Seva yenye kumbukumbu mpya hupunguza saa tatu, ikaandika saa tatu usiku ya tarehe 11. Simu ya zamani, ambayo haijasasishwa, husoma maandishi hayo, hujumlisha saa mbili na dakika 45, na kupata saa tano na dakika 45 usiku ya tarehe 11. Mama huyo amepewa siku nyingine ya kuzaliwa, na karani aliye mbele ya kioo ataona kwamba tarehe hailingani na ya kitambulisho chake.

Kuna tatizo lililo zito zaidi. Kwa mujibu wa kumbukumbu ya zamani, tarehe 1 Januari 1960 saa ya Nairobi iliruka kutoka saa sita kamili usiku hadi saa sita na robo, maana yake saa sita kamili haikuwapo. Sote tunajua ni watu wangapi wa rika hilo walioandikishwa kuwa wamezaliwa Januari mosi kwa kuwa siku yao halisi haikuandikwa popote. Programu kali ya kukagua tarehe hukataa kumwandikisha mtu kama huyo, ikidai kwamba wakati uliotajwa haupo. Tiba ya hapa ni nyepesi, nayo ni kuhifadhi tarehe ya kuzaliwa kama tarehe tupu, bila saa na bila ukanda wa saa. Inasikitisha kwamba jambo jepesi hivyo bado halifundishwi mapema.

Kwa miadi ya siku zijazo kosa huwa la upande wa pili. Sudan Kusini iliacha saa tatu na kuhamia saa mbili mbele ya Greenwich tarehe 1 Februari 2021, na toleo la hifadhidata lenye habari hiyo lilitoka tarehe 24 Januari, wiki moja tu kabla. Mkutano wa Juba uliopangwa saa tatu asubuhi ya tarehe 10 Februari, ukawa umekwisha kugeuzwa na kuhifadhiwa kwa saa za Greenwich, ungeonekana kuwa wa saa mbili asubuhi. Anayepanga jambo la baadaye ahifadhi saa ya mahali pamoja na jina la mji, na hesabu ifanywe siku ikikaribia. Lebanon mwezi Machi 2023 iliahirisha kusogeza saa hadi mwisho wa Ramadhani, ikatangaza hivyo siku chache tu kabla, kisha ikatengua uamuzi wake, na watunzaji wakalazimika kutoa toleo jipya na kulirudisha nyuma ndani ya wiki moja.

Huenda mtu akauliza makosa yale ya Nairobi yalitoka wapi. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kabla ya 1970 ilichukuliwa katika atlasi zilizotungwa kwa ajili ya wanajimu, ambao walihitaji saa halisi ya kuzaliwa ya kila mteja na hivyo walikusanya habari za saa duniani kote. Sina dharau kwao, kwani walifanya kazi ambayo wengine hawakuijali. Mwaka 2011 kampuni iitwayo Astrolabe iliwashtaki Olson na Eggert huko Marekani ikidai haki ya habari hizo, kisha mwaka 2012 ikaondoa kesi. Udhaifu wa atlasi hizo ni kwamba hazikuonyesha zilikotoa kila tarehe, na tarehe isiyo na chanzo haiwezi kukaguliwa na anayefuata.

Hapo ndipo inapoingia Tanzania. Hifadhidata huahidi usahihi kuanzia mwaka 1970 tu, na miji ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka huo huunganishwa. Kwa sababu hiyo Africa/Dar_es_Salaam leo ni kiungo kinachoelekeza Africa/Nairobi, na programu ikiulizwa saa ya Dar es Salaam mwaka 1950 hujibu kwa historia ya koloni jirani, iliyokuwa na serikali yake na matangazo yake. Kampala imefanyiwa hivyohivyo. Zanzibar haina hata jina lake, ingawa Unguja ilikuwa na gazeti rasmi tangu 1892. Naelewa sababu za watunzaji, ambao ni wachache na hujitolea, lakini siridhiki kwamba jibu lisilo na ushahidi litolewe kwa uhakika uleule wa jibu lililothibitishwa.

Historia ya zamani ya Dar es Salaam haikufutwa, imewekwa katika faili la pembeni ambalo mifumo mingi hailisomi, nayo bado imeegemea atlasi zilezile. Kuithibitisha au kuikanusha kunahitaji namba ya tangazo, tarehe ya gazeti, picha ya ukurasa, na saa badiliko lilipoanza, huku msomaji akiangalia kama hati ya Kiswahili iliyo mbele yake inahesabu saa tangu macheo au tangu usiku wa manane. Wahifadhi wa nyaraka waliomo ukumbini wako karibu na karatasi hizo kuliko msanidi yeyote wa California. Majalada ya kuanzia ni magazeti ya serikali ya Tanganyika ya miaka ya 1931, 1948 na 1961, kwa kuwa ndiyo miaka mitatu ambayo faili hilo linadai kwamba saa ya Dar es Salaam ilibadilishwa.