Jinsi ya Kuchonga Msalaba kwa Boriti Kuukuu ya Kanisa

Karibuni watazamaji. Leo tunachonga msalaba mdogo kwa mwaloni uliotoka kwenye paa la kanisa la zama za kati, Uingereza. Kabla hujatoa pesa, mwulize muuzaji karatasi zake. Kanisa la Kianglikana kule halitoi boriti zake kiholela. Lazima pawe na kibali cha dayosisi. Asiye na karatasi, achana naye.

Haya, vaa barakoa. Mapaa mengi ya namna hiyo yaliezekwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Futa kwa kitambaa kibichi, usipulize, usifagie.

Sasa pitisha sumaku polepole kila upande. Msumari uliofuliwa kwa mkono ukikatikia ndani hauonekani, ila meno ya msumeno yatauona! Ulipo chuma utakuta doa jeusi, kwa sababu tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mwaloni, humenyuka na chuma. Wengi hulikwangua. Mimi nakuomba uliache, tena upange vipimo vyako ili liangukie pale ambapo mkono wa Kristo ungepigiliwa. Mbao imeshakuchorea, wewe fuata.

Matundu ya wadudu yasikutishe. Choma kwa ncha ya kisu: ikizama, kata hadi ufikie mbao ngumu.

Noa patasi kuliko ulivyozoea. Maseremala wa zamani walichonga mwaloni ungali mbichi, ukiwa laini. Huu wako umekauka kwa karne kadhaa. Gonga kidogo kidogo kwa nyundo ya mbao. Vipande viwili vinapopishana, chonga kila kimoja mkato wa nusu ya unene wake, viingiliane, kisha vishike kwa kigingi cha mbao. Msumari mpya usitie, utaleta doa lisilo na historia.

Tumefika kwenye msasa, na hapa nina ubishi kidogo. Piga kingo tu. Uso wenye alama za shoka na tezo usiuguse. Kanisa kuu la Coventry, Uingereza, lilipoteketezwa kwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, fundi mawe Jock Forbes alifunga pamoja boriti mbili zilizoungua, ukawa msalaba. Hakuzichonga hata kidogo, na msalaba ule unajulikana hadi leo.

Mwisho, paka nta ya nyuki kidogo, sugua kwa kitambaa kikavu. Tundika mbali na jiko au hita, mbao isije ikapasuka.