Unasoma Siasa ili Uwe Mbunge?

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Ni mimi Salma, na pembeni yangu yupo Kelvin, ambaye leo kaja na daftari lake la chuo.

KELVIN: La mwaka wa pili, dada. Nimelitoa kwenye begi chini ya kitanda kwa ajili yenu. Habari zenu jamani.

SALMA: Kuna binti katuandikia. Kamaliza kidato cha sita, tahasusi HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, kachaguliwa kusoma Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Baba yake anamwuliza kila jioni, "Sasa mwanangu, hiyo ndiyo utakuja kuwa mbunge?" Anataka tumsaidie kumjibu mzee.

KELVIN: Mzee atulie. Ubunge haudai digrii. Ibara ya 67 ya Katiba yetu ya Tanzania inataka uwe raia, umefika miaka 21, unajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, halafu uwe mwanachama wa chama cha siasa na chama hicho kikupendekeze.

SALMA: Ishia hapo kwenye chama. Nafundisha semina za mwaka wa kwanza, na hicho kipande ndicho ninachoanza nacho. Nawauliza: hilo sharti la chama aliliweka nani, na nani anaweza kuliondoa? Darasa linakuwa kimya. Basi nawasimulia kesi ya Mtikila.

KELVIN: Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani. Yule alikuwa haogopi masjala ya mahakama.

SALMA: Kabisa. Vyama vingi vinaruhusiwa mwaka 1992, Katiba inarekebishwa, na mgombea analazimika kupitia chama. Mtikila anakwenda Mahakama Kuu Dodoma anasema sharti hili linaninyima haki yangu ya kushiriki kwenye uongozi wa nchi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira anamkubalia: mgombea binafsi ruksa.

KELVIN: Ruksa ya kwenye karatasi.

SALMA: Maana Serikali ilikwenda bungeni na muswada wa kurekebisha Katiba, sharti likarudi na kukazwa zaidi. Mtikila akafungua kesi nyingine. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena ushindi. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, jopo la majaji saba, ikasema jambo hili ni la kisiasa, kalimalizeni bungeni.

KELVIN: Na mimi niliandika kwenye jaribio kwamba majaji wale walikuwa sahihi. Nikapewa alama nzuri tu.

SALMA: Ulipewa kwa sababu ulijenga hoja. Hukupewa kwa kuwa sahihi.

KELVIN: Haya nijengee wewe ya kwako. Jaji hajapigiwa kura na mtu. Bunge limechaguliwa. Sasa jaji akianza kufuta maneno ya Katiba yenyewe, si sheria ya kawaida, maneno ya Katiba, nani atamzuia kesho?

SALMA: Na wewe niambie: wabunge wote wamepita kwenye vyama. Unawapelekea swali la kama mtu asiye na chama aruhusiwe kushindana nao. Unategemea wajibu nini?

KELVIN: Eh. Hapo umenibana.

SALMA: Ndiyo maana naipenda kesi hii kuliko kurasa zote za mgawanyo wa madaraka ambazo wanafunzi wanazikariri vimbwetani usiku wa kuamkia mtihani. Mihimili mitatu, Serikali, Bunge na Mahakama, unaiona ikisukumana kwa macho. Na haikuishia Dodoma wala Dar. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ipo Arusha hapo, na Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki yake.

KELVIN: Na mgombea binafsi hadi leo hakuna.

SALMA: Hakuna. Halafu Novemba 2019 Serikali ikajitoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwanafunzi akishaifuata kesi kuanzia 1994 mpaka hapo, anajua kwamba "mahakama imeamua" ni sentensi ambayo haijaisha. Imeamua, halafu nani anatekeleza?

KELVIN: Tume ya Nyalali nayo bado mnaifundisha? Maana kwenye daftari langu imechukua kurasa nne, na pembeni nimeandika "haiingii akilini".

SALMA: Nini hakikuingia akilini?

KELVIN: Tuwakumbushe wasikilizaji. Mwaka 1991 Rais Mwinyi anaunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi: tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi? Wanahojiwa watu kama 36,000, Bara na Visiwani. Asilimia 77 hivi wanasema chama kimoja. Vyama vingi, asilimia 21 na ushee. Tume inakaa, inaandika: twendeni vyama vingi! Sasa kama mtihani unasema demokrasia ni wengi wape...

SALMA: Wengi wape, wachache wasikilizwe. Usikate methali katikati.

KELVIN: Waliosikilizwa ni wachache, wengi ndio hawakupewa!

SALMA: Soma ripoti vizuri. Wengi kati ya hao asilimia 77 walisema chama kimoja kibaki lakini hiki kirekebishwe na kile kiondolewe, na ukiyakusanya marekebisho yao unaona mfumo wenyewe hauwezi kubaki ulivyo. Pili, tume ilijiuliza kama haki ya kujiunga na chama unachokitaka ni kitu cha kupigiwa kura. Mmoja kati ya watano anataka chama kingine. Unamfanyaje?

KELVIN: Kwa hiyo takwimu moja, majibu mawili.

SALMA: Na tume hiyohiyo ikaorodhesha sheria 40 za ukandamizaji, ikashauri zifutwe au zirekebishwe. Ikapendekeza shirikisho la serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Serikali ikachukua vyama vingi haraka, Julai 1992 vikaanza. Mengine yakaenda polepole au hayakwenda. Serikali tatu zikarudi tena kwenye rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013, na Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likaziondoa. Mimi hapo ndipo ninapowaambia wanafunzi: msisome kilichopendekezwa tu, someni kilichoachwa na muulize aliyekiacha alikuwa na mamlaka gani.

KELVIN: Sasa nihamie kwangu, maana wewe uko juu huko kwenye Katiba. Mimi ni afisa mipango kwenye halmashauri. Somo la sera za umma nilifundishwa kwa mchoro wa duara: tatizo linaibuka, linaingia kwenye ajenda, sera inatungwa, inatekelezwa, inatathminiwa, unaanza upya. Safi kabisa. Sijawahi kuliona duara hilo ofisini.

SALMA: Unaona nini?

KELVIN: Naona ukomo wa bajeti. Tunakwenda vijijini na utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Wananchi wanapanga vipaumbele vyao wenyewe, kisima, zahanati, kivuko. Inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inafika Baraza la Madiwani, inakwenda mkoani, TAMISEMI, ile ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, kisha Hazina. Halafu unashuka ukomo, kwamba mwisho wenu ni hapa. Tunarudi kukata. Na kinachokatwa mara nyingi ni kile cha kijiji kisicho na diwani mwenye sauti. Hilo kwenye mchoro wa duara halipo.

SALMA: Ungemwonesha mwanafunzi sera moja tu, ungechukua ipi?

KELVIN: Mikopo ya asilimia kumi, bila kufikiri mara mbili. Halmashauri inatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne, nne, mbili, bila riba. Miaka mingi lilikuwa agizo. Na agizo, dada, likikuta mkurugenzi ana deni la wakandarasi, unalijua litakavyokuwa. Mwaka 2018 likaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kuanzia hapo mkaguzi anakuja na kifungu mkononi.

SALMA: Kutoka agizo kwenda sheria. Hilo peke yake ni mhadhara.

KELVIN: Ngoja, utamu uko mbele. Fedha zikatoka kweli, CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akakagua, akakuta mikopo haijarejeshwa na vikundi vingine ni vya hewa. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji. Ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri chache za majaribio zikapitia benki. Sasa mpe mwanafunzi swali: sera ilishindwa, au ilifanikiwa ikakosa usimamizi? Mama lishe aliyerejesha mkopo wake wote akasubiri mwaka mzima kwa sababu ya kikundi hewa cha mtaa wa pili, yeye anahesabiwa wapi?

SALMA: Ungekuja kufundisha wewe semina yangu.

KELVIN: Mshahara wenu naujua, asante.

SALMA: Turudi kwa binti yetu. Ajira?

KELVIN: Nimwambie ukweli, hazijai. Wenzangu wengine ni watendaji wa kata, wengine maafisa tarafa, wawili wako kwenye asasi za kiraia, mmoja ana duka la simu na anaendelea vizuri kuliko sisi wote. Kilichonisaidia mimi ni takwimu. Darasa zima lilikuwa linalikimbia somo lile, tunaishi kwa madesa. Nilipofika kazini, kitu cha kwanza kuwekewa mezani kilikuwa jedwali la mapato ya kata kumi na kitu.

SALMA: Naunga mkono. Binti, chukua takwimu, chukua fedha za umma, na kama kuna somo la serikali za mitaa usiliache eti ni la watu wa vijijini. Halafu tafuta ripoti ya CAG ya halmashauri ya kwenu, zinachapishwa kila mwaka. Soma kurasa za halmashauri moja tu, utamkuta hata mzee wako anasogeza kiti.

KELVIN: Na Ibara ya 67 amsomee.

SALMA: Na ya 39, ya urais, sharti la chama ni lilelile. Kelvin, ile hoja yako ya majaji saba bado unaishikilia?

KELVIN: Naishikilia. Ila ile ya wabunge kujiamulia wenyewe sijaipatia jibu.

SALMA: Una wiki moja. Wasikilizaji wenye jibu la kumsaidia Kelvin tumeni sauti, isizidi dakika moja, tutazicheza mwanzoni mwa kipindi kijacho.

KELVIN: Dakika moja kweli, jamani. Kuna mmoja wiki iliyopita alituma kumi na moja.