Kabla Hujabadili Waya: Mhadhara kwa Wanaoanza Shahada ya TEHAMA

Ndugu wanafunzi, walionisikia mwaka jana watanisamehe. Leo tena nimekuja na karatasi na kalamu, na leo tena sina slaidi hata moja.

Nina neno moja. Katika shahada hii, somo mnalolidharau muhula wa kwanza ndilo linalowaumbua mwaka wa tatu. Nalo ni biti, zile sifuri na moja ambazo kompyuta huandikia kila kitu, na namba zikiandikwa hivyo huitwa binari. Kugeuza namba kuwa binari mnakukariri usiku wa kuamkia mtihani, na karatasi zikishakusanywa mmeshakuacha mlangoni.

Haya, tazameni. Maabara ina kompyuta mbili na swichi moja, kifaa cha kuziunganisha ndani ya mtandao mmoja; rauta, kifaa cha kuvusha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, hakuna. Kompyuta ya kwanza ina anwani 192.168.1.60, ya pili 192.168.1.70, na zote zimewekewa maski 255.255.255.192, namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao na ipi ni ya kompyuta. Taa za swichi zinapepesa vizuri kabisa. Mwanafunzi anaandika ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu, nayo inashindwa. Kinachofuata nakijua kwa moyo. Anachomoa waya, anachomeka. Anabadili waya. Anahamia tundu jingine la swichi. Anazima ukuta wa moto, ile programu ya kuzuia wavamizi. Anafuta draiva, ile programu inayoendesha kadi ya mtandao, anaiweka upya. Saa ya pili ya zoezi anaomba ruhusa asimike Windows upya. Windows, jamani!

Kalamu. Kila namba kwenye anwani na maski ni biti nane, zenye thamani 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2 na 1 kutoka kushoto. Ile 192 ya mwisho kwenye maski ni 128 na 64, yaani 11000000. Zile moja mbili za mwanzo zinasema biti mbili za namba hii ya mwisho ni za mtandao, na sifuri sita zinasema biti sita ni za kompyuta. Andika 60: ni 32, 16, 8 na 4, kwa hiyo 00111100. Andika 70: ni 64, 4 na 2, kwa hiyo 01000110. Sasa weka kidole kwenye biti mbili za kushoto. Huku 00, kule 01. Ni mitandao miwili. Kompyuta ya kwanza inaona mwenzake yuko ng'ambo, inatafuta rauta ya kuvushia, haikuwekewa, inaishia hapo hapo. Kifurushi cha ping, yaani ujumbe wenyewe, hakikutoka hata kwenye kadi. Wewe umebadili waya ambao kifurushi hicho hakikuwahi kupita ndani yake!

Biti sita zinatoa anwani 64. Toa ya kwanza, ambayo ni ya mtandao wenyewe, na ya mwisho, ambayo ni ya kutangazia wote, zinabaki 62. Kwa hiyo mtandao wa kwanza unatumia anwani zinazoishia .1 hadi .62, wa pili .65 hadi .126. Dawa ni kuipa ile kompyuta ya pili .61, au kuziwekea zote mbili maski 255.255.255.0. Zote mbili, nasema. Ukibadili moja tu umeongeza ugonjwa: yenye maski mpya inamwona mwenzake yuko hapa jirani, mwenzake hajui pa kurudishia jibu, nawe unarudi kulaumu waya.

Najua kuna anayenong'ona kwamba zipo tovuti za kukokotoa hayo kwa sekunde moja. Zipo, na ni nzuri. Ila tovuti inajibu ulichouliza. Aliyekuwa anachomoa waya hakujua kwamba pa kuuliza ni kwenye maski. Na ile programu ya akili bandia inayokuandikia msimbo ni vivyo hivyo: ukiieleza kwamba tatizo ni waya, itakufundisha kwa adabu namna ya kupima waya.

Mwingine anasema yeye ataandika programu, mambo ya mitandao hayamhusu. Aandike basi 0.1 jumlisha 0.2 kwenye lugha ya programu ya Python. Atapata 0.30000000000000004, kwa sababu 0.1 kwenye binari haina mwisho, kama theluthi isivyokuwa na mwisho kwenye desimali. Kompyuta inakata mahali fulani na kukadiria. Ukitunza fedha za watu kwa namna hiyo, jumla na stakabadhi zitaanza kugombana. Tunza senti, kwa namba kamili. Na namba kamili nayo ina ukingo: kwenye Java, lugha nyingine ya programu, int, yaani namba kamili ya biti 32, ikifika 2147483647 ukaongeza 1, inarudi hasi, kimya kimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Ndiyo maana mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itagonga ukuta tarehe 19 Januari 2038. Wengi wenu mtakuwa kazini, na simu ya usiku itawafikia ninyi.

Hifadhidata nilitaka kuigusa, muda hauniruhusu. Mradi wa mwaka wa mwisho, kwa haraka: tumieni Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, tangu siku ya kwanza, na kila badiliko dogo lililofanya kazi lihifadhiwe peke yake likiwa na maelezo yake. Badiliko la mistari 3,000 lililopewa jina "nimerekebisha" halimsaidii mtu siku mfumo ukilala. Tena nakala isikae kwenye kompyuta hiyo hiyo mnayoandikia. Hiyo siyo nakala.

Mnatazama saa. Sawa. Kabla hamjatoka, toeni karatasi, na simu zibaki mfukoni. Kompyuta mbili kwenye swichi moja, hakuna rauta: 10.0.0.90 na 10.0.0.100, maski 255.255.255.224 kwa zote. Zinaonana, au hazionani?