Theluji Ile ni Maji ya Samaki Wako

Mazungumzo na wauza samaki, Malindi

Assalaam aleikum, wazee wangu na mama zangu. Wengine mmenisikia nikilisema jambo hili mpaka mmechoka. Nalisema tena kwa sababu bado naona nguru waliokauka kama ubao ndani ya friza.

Weupe ule mnaoukwangua kwenye koili, yale mabomba ya baridi ya friza, mnaouita theluji, umetoka wapi? Sehemu yake imeingia na hewa mlango ulipofunguliwa. Nyingine imetoka mwilini mwa samaki. Ni uzito wenu huo, mnaukwangua kwa kisu na kuumwaga nje.

Kuna nguru mmoja nilimpima mwenyewe. Aliingia friza kaskazi ikimalizika, kilo 4 na gramu 200. Tajiri alikuwa anangojea kusi, bahari ichafuke, bei ipande. Miezi mitatu baadaye tukamtoa, mizani ileile: kilo 3 na gramu 900. Hajakatwa hata pezi. Ubavuni ana mabaka meupe, na alipoyeyuka nikamgusa kwa ukucha, nyama ikachambuka nyuzinyuzi. Tajiri akashikilia kwamba mizani ni mbovu. Tukapima pakiti ya unga ya kilo 2, ikasoma 2. Mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, aliyemchukua kwa bei ya kutupa akatuambia samaki yule alinyonya mafuta kikaangoni kama sponji. Gramu 300, jamani! Zidisha kwa nguru hamsini.

Najua kuna anayejiuliza: fundi, hewa ya Malindi ina unyevu mpaka chumvi inalowa kikebeni, itamkaushaje samaki? Ya nje ndiyo. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba hadi gramu 30 za mvuke. Ipoze mpaka nyuzi 0, inabeba kama gramu 5. Ipoze mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, ni gramu moja tu. Na koili ina baridi kuliko chumba, kwa hiyo hata katika hiyo gramu moja, sehemu inagandia pale. Hewa inarudi kwa samaki ina kiu, inamnyonya. Barafu ya mwilini mwake inageuka mvuke papo hapo, bila kuwa maji kwanza. Na feni haikomi usiku kucha.

Kijana mmoja alitaka kununua mashine ya kupuliza ukungu wa maji, airudishie hewa unyevu wake. Kwenye chumba cha nyuzi 2 au 3, cha samaki wabichi, inafaa, ingawa barafu iliyosagwa ukiwafunika nayo inafanya kazi hiyo bila mashine. Lakini friza? Matone yanaganda hewani, yanaanguka sakafuni watu wateleze, yanashika feni, mengine yanaishia koili. Tena kila lita inaingia na joto lake, kompresa ilitoe, na bili ya stima ni yako.

Kwenye friza, mvike samaki mwenyewe. Kwanza agande mpaka ndani. Mshike mkia, mzamishe kwenye maji safi yaliyotiwa barafu, hesabu mpaka tano, mtoe. Maji yanamgandia palepale, yanang'aa kama kioo. Rudia mara mbili, tatu. Sasa hewa ikinyonya, inanyonya kioo kwanza. Kikichakaa, mvike tena.

Nilikuwa na mengi juu ya koili. Kwa ufupi, anayejenga chumba kipya aombe koili kubwa, isiyohitaji kuwa baridi mno kupita chumba. Ikizidi kuwa baridi, ndivyo inavyonyonya zaidi. Mpira wa mlango ukipasuka, badilisha siku hiyohiyo. Mapazia ya plastiki ya mlangoni tutayasema siku nyingine.

Ndoo iko pale nje chini ya mwarobaini, na changu wawili wameganda tangu jana. Mizani pia nimekuja nayo. Twendeni kabla ya adhana, kila mtu azamishe kwa mkono wake.