Nguvu Ilishatosha: Kilichobadilishwa Ndani ya Fireblade

Mhadhara uliotolewa Goma, mbele ya wanafunzi wa ufundi, mafundi wa garaji na wamotari

Ndugu wanafunzi, mafundi wa garaji, na ninyi wamotari mliofunga pikipiki zenu nje mkaja kusikiliza, karibuni sana.

Ubaoni nimeandika namba mbili: 160 na 160. Ya kwanza ni nguvu, kwa kilowati, ya pikipiki ya kasi Honda CBR1000RR-R Fireblade ya mwaka 2020. Ya pili ni ya Fireblade ya 2024. Katikati hapo injini ilifunguliwa upya, biele, zile fito zinazounganisha pistoni na ekseli kuu ya injini, zikapunguzwa uzito, vitesi vikasogezwa karibu, fremu ikachongwa, mabawa yanayoikandamiza pikipiki chini kwa upepo yakabadilishwa umbo. Nguvu ikabaki pale pale. Mtu wa haraka atasema hawakufanya kitu. Mimi nasema walifanya kazi ngumu kuliko kuongeza nguvu: walitafuta namna ya kuifanya tairi iipokee.

Tupige hesabu pamoja. Fireblade ya 2020 ina kilo 201 ikiwa imejazwa mafuta. Ongeza dereva wa kilo 75, zinakuwa 276. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 1,455. Tuseme kitovu cha uzito kiko katikati ya ekseli hizo, sentimita 65 juu ya ardhi. Nusu ya umbali huo ni sentimita 72.75; gawanya kwa 65, unapata 1.12. Maana yake, pikipiki ikiongeza kasi kwa mara 1.12 ya mvuto wa dunia, yaani mita 11 hivi kwa sekunde kila sekunde, gurudumu la mbele linaaga ardhi. Kusukuma kilo 276 namna hiyo kunataka nyutoni kama 3,000. Sasa toa asilimia 10 ya nguvu inayopotea kwenye gia na cheni, zinabaki kilowati 144. Gawanya kwa 3,000: mita 48 kwa sekunde, sawa na kilomita 170 kwa saa na kitu.

Tazameni jibu hilo vizuri. Bila kuhesabu upepo, chini ya kilomita 170 kwa saa nguvu ya injini hii haiwezi kutumika yote. Ukifungua mkono wa petroli wote, mbele inanyanyuka. Anayesukuma chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, kupanda mlima na magunia yote nyuma anaijua hali hiyo: mbele inakuwa nyepesi, usukani unageuka lakini hauongozi. Pikipiki ya Boxer ya 150 haifiki hata kilowati 10, kwa hiyo tatizo hili hamkutani nalo kazini. Kwa mhandisi wa pikipiki ya mbio ndilo tatizo lenyewe.

Tuingie ndani ya injini. Kipenyo cha pistoni ni milimita 81, mwendo wake ni milimita 48.5, silinda 4. Pigeni hesabu wenyewe, mtapata sentimita za ujazo 1,000 kasoro chembe. Pistoni pana yenye mwendo mfupi inaruhusu supape kubwa, yaani milango ya hewa na moshi, na mizunguko mingi; mashine ya 2020 inatoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 14,500 kwa dakika. Hapo vilbreke, ile ekseli kuu ya injini, inazunguka mara 240 kwa sekunde, na pistoni inakwenda kwa wastani wa mita 23.4 kwa sekunde.

Wastani huo hauumizi mtu. Kinachoumiza ni kusimama na kugeuka. Nusu ya mwendo ni milimita 24.25, zidisha kwa mraba wa kasi ya mzunguko, unapata kama mita 55,900 kwa sekunde kila sekunde, na pale juu kabisa inazidi hapo kwa sababu biele ina urefu wenye kikomo. Chukua pistoni ya mfano yenye gramu 200 pamoja na pini yake. Biele inavutwa kwa nyutoni 11,000. Ni kama kuning'iniza tani moja na zaidi kwenye mkono mwembamba kuliko kidole gumba changu, kisha kuiachia, kisha kuining'iniza tena, mara 240 kila sekunde.

Ndiyo sababu biele ni za titani. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8; ya titani ina gramu 4.4 tu. Lakini titani ina masharti yake. Kwanza, inanyumbuka karibu mara mbili ya chuma kwa mzigo ule ule, hivyo umbo la biele lazima lipangwe upya. Huwezi kunakili la chuma. Pili, titani ikisuguana na metali nyingine inashikana na kuchunika. Kwa hiyo Honda waliweka bushi ya shaba iliyochanganywa na berili kwenye tundu dogo la juu, na pini ya pistoni ikapakwa utando mgumu mweusi wa kaboni. Shaba tunaijua sisi Wakongomani, ila mara nyingi tunaifikiria kama waya. Hapa inaokoa injini.

Fundi akikutana na biele ya aina hii, mambo mawili yasisahaulike. Usiikwaruze kwa msasa wala kuigonga namba kwa patasi ili ukumbuke silinda yake: mkwaruzo mdogo kwenye titani ndipo ufa unapoanzia. Tia alama kwa wino. Na bolti zake hazirudishwi. Zinapokazwa zinavutwa karibu na mwisho wa uwezo wao, na ukizikaza mara ya pili unakuwa unakaza kitu kilichokwisha kurefuka.

Kwenye gia nitapita haraka, kwa sababu wamotari wanaopanda kuelekea Masisi ni walimu wa somo hili. Mwaka 2022 Honda walibadilisha kurone ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, kutoka meno 40 hadi 43. Gawanya 43 kwa 40: asilimia 7.5 ya msukumo zaidi kwenye tairi kwa kila gia, bila kugusa injini. Malipo yake ni kasi ndogo kidogo kwa mizunguko ile ile. Mwaka 2024 gia zenyewe zilisogezwa karibu karibu, ili dereva akibadilisha gia, mizunguko ya injini isianguke sana.

Sasa mafuta. Kwenye pikipiki hizi hakuna tena waya kutoka mkononi hadi kwenye injini. Mkono unatuma ishara, kompyuta inaamuru mota ndogo ya umeme ifungue vipepeo vya hewa. Kabla ya 2024 mota ilikuwa moja kwa silinda zote 4. Fireblade ya 2024 ina mota 2: moja ya silinda ya 1 na ya 2, nyingine ya 3 na ya 4. Faida yake iko pale dereva anapotoka kwenye kona akiwa bado amelala, anapotaka msukumo kidogo sana. Vipepeo 4 vikifunguka pamoja, kosa dogo la mkono linazidishwa mara 4. Ukifungua viwili kwanza, nguvu inaingia polepole. Na wakati wa kupunguza kasi unaweza kufungua viwili, viwili vikabaki vimefungwa, ukachagua injini ivute breki kiasi gani.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayowashangaza mafundi wengi. Fremu.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba fremu nzuri ni fremu ngumu. Fireblade ya kwanza, ya 1992, iliyoongozwa na mhandisi Tadao Baba, ilikuwa na sentimita za ujazo 893 na kilo 185 kavu, na somo lake lilikuwa wepesi pamoja na ugumu. Fremu ya 2024 imepunguzwa gramu 960, na bolti zinazoshika injini zilifupishwa zikatoa gramu 140 nyingine. Lakini uzito si habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba ugumu wa fremu kwa upande ulipunguzwa kwa makusudi asilimia 17, na ugumu wa kusokotwa asilimia 15. Ducati nao, kwenye Panigale V4 ya 2025, waliacha ule mkono wa nyuma, unaoshika gurudumu, wa upande mmoja ambao watu wameupenda tangu 916 ya 1994, wakaweka wa pande mbili, wenye ugumu wa upande uliopungua asilimia 37.

Kwa nini mtu alegeze kitu alichotumia miaka 30 kukikaza? Simamisha pikipiki wima kwenye jiwe la lava, hapa hapa Goma. Jiwe linasukuma gurudumu juu, amortiseri inabonyea, imekwisha. Sasa ilaze digrii 60 kutoka wima, kama wanavyolala kwenye mbio. Jiwe bado linasukuma juu, lakini amortiseri imelala pamoja na pikipiki. Chukua tuta la milimita 10. Upande wa amortiseri unapata milimita 5 tu. Upande wa ubavuni unapata milimita 8.7. Huko ubavuni hakuna springi, hakuna mafuta, hakuna kitu. Kuna fremu, mkono wa nyuma, rimu na tairi. Vikiwa vigumu mno, tairi inaruka, na tairi iliyoruka katika kona ni dereva aliyeanguka. Kwa hiyo fremu yenyewe inapangwa iwe springi, kwa kipimo.

Angalieni chukudu inayoshuka kutoka Kibumba na mzigo wake. Haina amortiseri hata moja, lakini mti unanyumbuka kidogo, na hilo kidogo ndilo linaloibakiza njiani. Aliyeichonga anajua ubao wa unene gani upite wapi. Mhandisi wa fremu anafanya kazi hiyo hiyo: anaiacha fremu iwe ngumu kwa mbele na nyuma ili ihimili breki, anapunguza unene wa ukuta pale panapopinda kwa upande.

Hapo ndipo kosa la garaji linapokuwa la hatari. Bolti ya kushika injini ikipotea, mtu anakwenda kununua ndefu zaidi, nene zaidi, anakaza kwa nguvu zote. Injini ni sehemu ya fremu. Umebadilisha unyumbufu ambao watu waliupima kwa miezi. Tumia bolti ya asili, fuata mpangilio wa kukaza, na ufunguo wenye kipimo.

Hewa, kwa kifupi. Goma iko mita 1,500 juu ya bahari. Shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 au 85 ya lile la pwani. Kilowati 160 zinakuwa 135 hivi. Kompyuta inapunguza petroli ili mchanganyiko uwe sawa, kama mnavyobadilisha jikleri, kile kitundu cha petroli cha kabureta, lakini oksijeni haiwezi kuirudisha. Na lile tundu kubwa la hewa mbele? Usawa wa bahari, kwenye kilomita 300 kwa saa linaongeza shinikizo asilimia 4. Kwenye kilomita 100, chini ya nusu ya asilimia. Mabawa ni vivyo hivyo: nguvu yake inakua kwa mraba wa kasi. Kuyafunga kwenye pikipiki ya mjini ni mapambo.

Mwisho, tairi, kwa sababu swali hili litakuja. Nyuma ni 200/55 kwenye rimu ya inchi 17. Mtu akikosa, anaweka 190/55 kwa sababu inaingia. Nusu kipenyo kinapungua milimita 5.5 kati ya 326, yaani asilimia 1.7. Kompyuta inalinganisha mzunguko wa gurudumu la nyuma na la mbele ili kujua kama tairi inateleza. Sasa inaliona la nyuma likizunguka haraka kupita kiasi hata kwenye barabara iliyonyooka, inaanza kukata nguvu bila sababu, na fundi anabadilisha buji, anasafisha sindano za petroli, anafungua kila kitu. Kabla hujafungua chochote, soma maandishi ubavuni mwa tairi.