Hofu Ndani ya Chumba cha Mtihani: Mhadhara Kuhusu Filamu ya 3 Idiots

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, ninaomba tuanze na feni.

Katika filamu ya Kihindi iitwayo 3 Idiots, iliyoongozwa na Rajkumar Hirani na kutoka Desemba 2009, mwalimu wa chuo cha uhandisi anawauliza wanafunzi wake mashine ni nini. Rancho, anayeigizwa na Aamir Khan, anajibu kwa furaha kwamba mashine ni kitu chochote kinachompunguzia binadamu kazi: ukisikia joto unabonyeza swichi, feni inakupepea, ukimkumbuka rafiki aliye mbali unainua simu. Anafika hadi kwenye zipu ya suruali, akiipandisha na kuishusha mbele ya darasa. Mwalimu anamkatiza, anamsimamisha kijana mwingine, Chatur, ambaye anaimwaga fasili ya kitabuni neno kwa neno, na huyo ndiye anayepongezwa. Rancho anatolewa nje. Kabla hajapotea anarudi kuchukua alichosahau, na anapoulizwa ni kitu gani, anakieleza kwa maneno mazito yasiyoisha: vyombo vya kunakili, kuchambua, kupanga na kufafanua maarifa, vyenye picha na visivyo na picha. Mwalimu anachanganyikiwa. Kumbe ni vitabu. Anaulizwa kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo kwa lugha nyepesi, naye anajibu kwamba alijaribu muda mfupi uliopita lakini mwalimu hakupendezwa.

Mimi nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na kila nikiitazama sehemu hiyo namwangalia mwalimu kuliko Rancho. Yeye si mtu mbaya. Anajua kwamba mtungaji wa mtihani atataka maneno yale yale ya kitabuni, kwa hiyo mwanafunzi aliyeelewa bila kukariri anamtia wasiwasi wa kweli. Wasiwasi huo ninaufahamu vizuri, na ndio ninaotaka tuuzungumzie leo, kwa sababu naamini filamu hii inashughulika na hofu kuliko inavyoshughulika na mitihani yenyewe.

Chatur ni mtoto wa hofu hiyo. Filamu inatueleza kwamba alizaliwa Uganda, jirani zetu hapa, akasomea Pondicherry, kusini mwa India ambako Kihindi hakizungumzwi sana, na kwa sababu hiyo Kihindi chake ni dhaifu. Anapopewa heshima ya kuhutubia sherehe ya chuo, anaandikiwa hotuba na kuikariri bila kuielewa, na Rancho anabadilisha maneno mawili matatu ndani yake. Neno lenye maana ya muujiza linageuka kuwa neno lenye maana ya ubakaji, na Chatur analitamka tena na tena kwa kujiamini, akimsifu mkuu wa chuo, huku ukumbi mzima ukianguka kwa kicheko. Hoja inafika: aliyemeza bila kutafuna hajui alichokimeza. Hata hivyo niseme wazi kwamba neno lile halifai kuchekewa, na kwamba waandishi waliokuwa na akili ya kutunga kisa cha vitabu wangeweza kupata neno jingine.

Mkuu wa chuo mwenyewe, ambaye wanafunzi wamempachika jina la Virus, anawakaribisha wanafunzi wapya kwa mfano wa ndege anayetaga katika kiota cha mwenzake, ambaye kinda lake huanza maisha kwa kuyasukuma nje mayai ya wengine. Maisha ni mashindano, anasema. Picha ya pamoja ya darasa inapigwa kwa kufuata nafasi: wa kwanza anakaa karibu na mkuu, wa mwisho wanasimama nyuma kabisa. Nasi tumewahi kufanya yanayofanana na hayo, na binafsi nilifurahi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi bora wa kitaifa.

Sasa tufike mahali ambapo vicheko vinakatika. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayeitwa Joy Lobo, ambaye anaunda chombo kidogo kinachoruka kikiwa na kamera. Anaomba kuongezewa muda. Mkuu anakataa, na mbele ya kijana huyo anampigia simu baba yake kumwarifu kwamba mwanawe hatahitimu mwaka huo. Rancho na wenzake wanakitengeneza chombo kile kwa siri na kukirusha, wanafunzi wakishangilia uwanjani, hadi kinapofika kwenye dirisha la Joy na kamera kuonyesha kwamba amekwisha jiua. Makaburini Rancho anamwambia mkuu kwamba daktari ameandika shinikizo la kooni, lakini hakuna mashine iliyobuniwa ya kupima shinikizo la miaka 4 kichwani.

Msidhani hilo ni la sinema tu. Katika mji wa Kota, jimbo la Rajasthan, ambako vijana kutoka pande zote za India hupelekwa kunolewa kwa ajili ya mitihani ya kuingia vyuo vya uhandisi na udaktari, vifo vya namna hiyo vilizidi hata mwaka 2023 uongozi wa wilaya ukaagiza mabweni yafungwe feni zenye springi, ambazo hushuka zikibebeshwa uzito. Niliposoma habari hiyo niliikumbuka feni ya Rancho, ile ya kumpunguzia binadamu taabu, na nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Yapo malalamiko ninayokubaliana nayo. Rancho anayedharau nafasi ndiye anayeshika nafasi ya kwanza, na mwishowe tunaambiwa ni mvumbuzi mkubwa mwenye hataza mamia. Filamu haikuthubutu kumwacha awe mtu wa kawaida, na kijana wa wastani anayeitazama anaweza kudhani kwamba uhuru wa kusoma kwa kupenda ni wa wenye vipaji tu.

Ndiyo maana mimi humshikilia Raju, mmoja wa marafiki wa Rancho pale chuoni. Kwao baba amepooza na dada hajaolewa kwa sababu wachumba wanadai gari. Mama anamkuna mumewe ukurutu kwa kile kijiti cha kusukumia chapati, kisha anaendelea kusukumia chapati hizo hizo, huku akihesabu bei za mboga mbele ya wageni. Kijana aliyebebeshwa nyumba hiyo hawezi kuambiwa asome kwa raha. Anapotishiwa kufukuzwa chuo, anajirusha dirishani. Anapona, na anafika kwenye usaili wa kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wanamuuliza kwa nini alama zake zimekuwa mbaya miaka yote. Anawajibu kwamba ni kwa sababu ya hofu: alikuwa mwanafunzi mzuri, wazazi wakategemea awatoe kwenye umaskini, naye akaogopa. Wanamshauri apunguze ukweli huo ili wamfikirie. Raju anawaambia kwamba alivunjika miguu yote miwili ndipo akajifunza kusimama, kwa hiyo kazi wabaki nayo, na anageuza kiti chake kuelekea mlangoni.